Jinsi ya Kupata Namba ya KH Unayoweza Kuiamini Kwenye Tangi la Matumbawe

Malalamiko ni yale yale. Mtu kapima KH, yaani uwezo wa maji kumeza asidi, asubuhi kapata 7.4, jioni kapata 8.6, na katikati hapo hajatia kitu chochote tangini. Mwingine ana vipimo vya kampuni mbili: kimoja kinamwambia 8, kingine 9.5, naye hajui ashike lipi. Wa tatu aliona namba imeshuka akaongeza dozi ya kuinua KH, kumbe maji yalikuwa vile vile. Siku chache baadaye ncha za akropora, tumbawe gumu la matawi, zimeungua, zimebaki nyeupe.

Karibu wote huanza kwa kulaumu kipimo na kwenda kununua kingine. Kipimo kipya kinaleta namba ya tatu, na mkanganyiko unazidi. Sehemu kubwa ya tofauti hizo hutoka mkononi mwa anayepima: ujazo wa maji, jicho linavyosoma rangi, saa ya kuchukua sampuli. Kosa la kitendanishi (dawa ya kupimia) chenyewe lipo pia, ila hilo unaweza kulikamata nyumbani kwa bei ya pakiti moja ya bekingi soda.

Kwa hiyo tutakwenda kwa mpangilio huu: kwanza mkono wako utoe jibu lile lile kila mara, halafu ndipo uulize kama jibu hilo ni sahihi. Ukiugeuza utahangaika bure.

## Unachopima hasa

Alkaliniti, ambayo kwenye maboksi huandikwa KH au Alk, ni uwezo wa maji kumeza asidi kabla pH haijaporomoka. Kipimo cha matone au cha sirinji hakifanyi muujiza wowote: kinahesabu asidi iliyohitajika hadi rangi igeuke, basi. Kila kosa la kuhesabu maji au kuhesabu asidi linaingia moja kwa moja kwenye jibu.

Jibu huandikwa kwa njia tatu: meq (milikwivalenti) kwa lita, dKH (digrii za KH) na ppm (sehemu kwa milioni). Meq 1 kwa lita ni sawa na dKH 2.8, na ni sawa na ppm 50. Ukiwa na ppm, gawanya kwa 17.9 upate dKH. 143 ppm ni kama dKH 8. Ubishi mwingi wa "mashine yangu imeharibika" huishia hapa, mmoja anasoma ppm na mwenzake dKH.

Maji ya bahari kuu huwa na dKH 6.5 hadi 7. Wafugaji wengi wa matumbawe hukaa kati ya 7 na 9, wengine hupanda hadi 11. Chagua namba yako ukae nayo, kwa sababu tumbawe huumizwa zaidi na kupandapanda na kushukashuka.

## Vifaa

- Kipimo chenyewe, tarehe yake haijapita, na chupa haijakaa kwenye kabati la taa au dirishani.
- Sirinji za famasi: mbili za ml 5 na moja ya ml 1. Andika kwa maka peni ipi ni ya maji na ipi ni ya kitendanishi, na usizibadilishe kamwe.
- Maji yasiyo na madini, ya RO (yaliyosukumwa kupita kwenye utando wa kuchuja) au ya mvuke. Yale ya chupa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri yanafaa, ila soma lebo mara mbili: kwenye rafu hiyo hiyo huwa kuna asidi ya betri, na chupa zinafanana.
- Mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01, ile ndogo ya masonara, pamoja na mizani ya kawaida ya jikoni.
- Bekingi soda mpya, pakiti haijafunguliwa.
- Chupa mbili safi za lita 1 zenye vifuniko.
- Refraktometa (kifaa cha kupima chumvi) na maji yake ya kuisawazishia ya 35 ppt, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila gramu elfu.
- Karatasi nyeupe na taa nyeupe. Taa ya buluu ya tangi izimwe au ukae mbali nayo.
- Kitambaa laini, kwa wenye mashine ya kusoma rangi.
- Daftari. Simu inafaa, lakini daftari lililofungwa kamba kwenye stendi ya tangi halipotei.

Kitendanishi ni asidi. Ni hafifu, lakini kiweke mbali na watoto na macho yako.

## Hatua ya 1: Jua kipimo chako kinaona udogo gani

Kabla ya kupima chochote, tafuta hatua ndogo kabisa ambayo kipimo chako kinaweza kuitofautisha.

Kipimo cha matone cha kampuni ya API hutumia maji ml 5, na kila tone ni dKH 1. Maana yake maji ya 7.1 na maji ya 7.9 yote yatageuka kwenye tone la nane, nawe utaandika 8. Ukitumia ml 10, kila tone linakuwa dKH 0.5. Kitendanishi kinakwisha upesi zaidi, lakini kwa tangi la matumbawe ni gharama ya lazima.

Vipimo vya sirinji, kama cha Salifert kinachotumia maji ml 4, vinaona zaidi. Ikiwa ml 1 ya kitendanishi inapima hadi karibu dKH 16, basi kila mstari wa ml 0.01 ni takriban dKH 0.16. Lakini tone moja kutoka kwenye ncha hubeba zaidi ya mstari mmoja, kwa hiyo kiuhalisia unaona 0.3 hivi.

Mashine ya kusoma rangi ya Hanna HI772 inaonyesha namba yenye nukta, na nukta hiyo huwadanganya watu. Watengenezaji wenyewe wanasema usahihi wake ni dKH 0.3 juu au chini, na juu ya hapo asilimia 5 ya namba iliyosomwa. Kwenye maji ya 8 hiyo ni karibu 0.7 kila upande. Siku mashine ikisema 7.6 na kesho yake 8.3, maji yanaweza kuwa hayajabadilika hata kidogo.

Umefaulu ukiwa umeandika juu ya boksi, kwa mkono wako, tofauti ndogo ambayo hutaijali. Kwa sirinji andika 0.3.

## Hatua ya 2: Weka chumvi sawa kwanza

Alkaliniti hupanda na kushuka pamoja na chumvi. Tangi la lita 200 likipoteza lita 6 kwa joto, kila kilichomo kimekolea kwa asilimia 3, na KH ya 8 inasomeka 8.2 bila wewe kutia chochote. Nyumba za Dar au Mombasa zenye feni juu ya tangi hupoteza kiasi hicho upesi.

Jaza maji ya RO hadi kwenye alama yako ya kawaida, subiri nusu saa yachanganyike, halafu pima chumvi. Sawazisha refraktometa kwa maji ya 35 ppt. Ukiisawazisha kwa maji yasiyo na chumvi, sifuri itakuwa sawa lakini huko juu, kwenye 35, inaweza kukosea, na huko ndiko unakohitaji usahihi.

Wanaotumia maji ya bahari yenyewe wachote mbali na midomo ya mito na mikoko, wala si siku ya mvua kubwa. Ndugu zetu walioko Ghuba wakumbuke kwamba maji ya kule ni mazito zaidi, huvuka 39 ppt. Yakipunguzwa kwa RO hadi 35, KH nayo inashuka kwa uwiano huo huo.

## Hatua ya 3: Chukua sampuli saa ile ile, mahali pale pale

Matumbawe hujenga mifupa kwa kasi zaidi taa zikiwaka. KH ya asubuhi kabla ya taa na KH ya jioni ni namba mbili za kweli zilizo tofauti, hasa kama pampu ya dozi inafanya kazi usiku. Chagua saa moja. Nashauri muda mfupi kabla taa hazijawaka, angalau saa moja baada ya dozi ya mwisho.

Chota katikati ya tangi, mbali na bomba la dozi. Ukichota karibu na bomba unapima dozi.

Angalia sampuli dhidi ya taa. Ukiona chembe za mchanga, iache itulie na uvute maji ya juu. Mchanga wa matumbawe ni chokaa. Chembe moja ikiingia kwenye kichupa inayeyuka ndani ya asidi na kuongeza jibu, na rangi itakuwa inarudi nyuma kila ukidhani umemaliza.

Chota ya kutosha kupima mara tatu, halafu jaza na kachupa kengine hadi juu, funga, tia friji. Utaelewa sababu huko mbele.

Usijaribu kuthibitisha KH kwa kutazama pH. Chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi hujaa hewa ya ukaa, pH inashuka, na KH haitikisiki.

## Hatua ya 4: Safisha bila sabuni

Suuza kichupa mara tatu kwa maji ya tangi lenyewe, kung'uta, basi. Sabuni huacha mabaki, na mengi ya mabaki hayo ni alkali.

Adui mkubwa hapa ni maji ya bomba au ya kisima. Tuseme kisima chako kina KH 20 na kichupa kimebaki na ml 0.1 ya maji hayo, tone mbili tu. Ndani ya sampuli ya ml 4 yenye KH 8, jibu linakuwa 8.5. Umeongeza nusu digrii kwa kusuuza.

Maji ya RO ni habari nyingine. Tone la RO likibaki ndani ya kichupa cha kipimo cha sirinji haliharibu kitu, kwa sababu halileti alkali. Asidi itakayohitajika ni ile ile. Likibaki ndani ya sirinji ya kuchotea maji, hilo linaharibu, maana limechukua nafasi ya maji ya tangi. Na kwenye mashine ya rangi linaharibu kote kuwili, kwa kuwa mashine inasoma ukolevu.

## Hatua ya 5: Pima ujazo kama sonara

Hapa ndipo namba nyingi zinapofia. Kosa la ml 0.1 kwenye ml 4 ni asilimia 2.5, yaani dKH 0.2 kwenye maji ya 8. Kosa hilo hilo likija upande wa pili kesho, tayari una "mabadiliko" ya 0.4 ambayo hayapo.

Vuta maji kupita alama, geuza sirinji ncha juu, igonge kwa kucha hadi viputo vipande, visukume nje, rudisha ncha chini. Sasa sukuma polepole hadi alama, sirinji ikiwa usawa wa jicho. Amua sehemu moja ya mpira mweusi ya kusomea, ule ukingo unaogusa maji, na usiibadilishe. Kisha futa tone linaloning'inia nje ya ncha. Tone hilo halimo kwenye hesabu yako.

Kwenye sirinji ya kitendanishi iliyovishwa ncha ya plastiki utaona nafasi ya hewa chini ya mpira. Iache. Ni hewa iliyokuwa ndani ya ncha, na itabaki hapo hadi mwisho wa kupima. Wewe soma ukingo wa mpira mwanzo na mwisho. Anayeihangaikia kwa kupiga sirinji na kuvuta upya mara nne humwaga kitendanishi bure.

Sasa jaribio ambalo wengi hawalifanyi. Weka kikombe chepesi kwenye mizani ya 0.01, iweke sifuri, sukuma ml 4 za maji ya RO. Inatakiwa isome gramu 4.00. Rudia mara tano. Ukipata kati ya 3.95 na 4.05 kila mara, mkono wako uko sawa. Ukipata 3.82, 4.10, 3.95, umeshajua tatizo liko wapi, na hujatumia hata tone la kitendanishi. Ukipata 3.85 mara zote tano, sirinji ndiyo yenye alama mbaya, tafuta nyingine. Ukitumia maji ya tangi badala ya RO tarajia 4.09 hivi, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito.

## Hatua ya 6: Tia asidi polepole mwishoni

Tikisa chupa ya kiashiria rangi, ishike wima kabisa juu ya kichupa. Ukiinamisha, tone linabadilika ukubwa. Tone lenye kiputo ndani lisihesabiwe: mwaga, anza upya.

Kwa kuwa tayari unajua KH yako iko kwenye 8, unaweza kutia theluthi mbili ya mwanzo kwa haraka huku ukizungusha kichupa. Baada ya hapo, tone moja, zungusha kwa sekunde tano, tazama. Tone moja tena.

Tazama vizuri kinachotokea. Mwanzoni maji ni ya buluu inayoelekea kijani. Kila tone likigusa maji linaacha wingu la waridi ambalo linatoweka ukizungusha. Mawingu yanaanza kuchelewa kutoweka. Kisha maji yote yanafifia, yanakuwa ya kijivujivu, kama hayana rangi. Watu wengi huishia hapa. Ni mapema. Tone linalofuata, au la pili yake, linaleta waridi au rangi ya chungwa kwa kichupa kizima. Hapo ndipo mwisho. Kipimo chako kikiwa na rangi nyingine, kama API inayotoka buluu kwenda manjano, kanuni haibadiliki: unatafuta tone la kwanza linalogeuza maji yote yakabaki hivyo kwa sekunde kumi.

Sekunde kumi, si dakika tano. Asidi ikikutana na alkali hutoa hewa ya ukaa ndani ya kichupa, na hewa hiyo ikitoroka rangi hurudi nyuma kidogo. Anayesubiri kwa muda mrefu kisha kuongeza tone jingine "kuhakikisha" anajipatia KH ya juu kuliko iliyopo.

Tone likining'inia kwenye ncha wakati rangi inageuka, limeshatoka kwenye sirinji lakini halijaingia kwenye maji. Ligusishe ukutani mwa kichupa, zungusha, ndipo usome.

Ukimaliza kichupa cha kwanza usikimwage. Kiweke juu ya karatasi nyeupe kando ya cha pili, kiwe mfano wa rangi. Jicho linalinganisha rangi mbili vizuri sana. Kukumbuka rangi ya juzi haliwezi.

Umefaulu ukiwa tone moja ndilo linalokutenganisha na rangi ya mwanzo. Kama huna uhakika ni tone lipi kati ya matatu, ulikwenda haraka.

## Kwa wenye mashine ya kusoma rangi

Ruka hatua ya 6, lakini usiruke ya 4 na ya 5. Mashine inakuondolea mashaka ya jicho tu.

Jaza ml 10 kamili, futa kioo kwa kitambaa, usiguse tena sehemu ya kati. Weka sifuri. Toa, tia kitendanishi ml 1 kwa sirinji bila kiputo, funga, pindua taratibu mara tano, futa tena, rudisha kioo kikiwa kimetazama upande ule ule kama mwanzo. Ukikitikisa kwa nguvu viputo vitabaki ukutani, mashine itavisoma kama rangi. Tumia kioo kile kile kwa sifuri na kwa jibu. Vioo viwili havilingani hata vikiwa vipya.

Ile ml 1 ndiyo roho ya kipimo hiki. Ukizidisha kwa ml 0.05 umezidisha asidi kwa asilimia 5, na jibu linashuka. Ipime kwenye mizani kwa maji ya RO kama ulivyofanya kwa ml 4.

## Hatua ya 7: Rudia papo hapo

Pima sampuli ile ile mara ya pili, bila kutazama namba ya kwanza daftarini. Majibu yakitofautiana kwa kiasi ulichoandika kwenye boksi au pungufu, chukua wastani. Yakizidi, pima mara ya tatu na uchukue la katikati.

Fanya hivi kila siku kwa wiki ya kwanza. Baadaye, mkono ukishatulia, kipimo kimoja kitatosha kwa siku za kawaida, na viwili namba ikikushangaza.

## Hatua ya 8: Jaribu kipimo chenyewe kwa maji unayoyajua

Sasa mkono wako unarudia jibu. Bado hujui kama jibu ni la kweli. Kipimo kinaweza kukupa 9.2 mara kumi mfululizo wakati maji ni 8.4.

Anza na sifuri. Pima maji ya RO kama sampuli. Rangi inatakiwa igeuke kwenye tone la kwanza la asidi. Ikichukua mengi zaidi, ama kichupa ni kichafu ama RO yako imechoka.

Tengeneza maji mama. Pima gramu 2.52 za bekingi soda, tia kwenye chupa, ongeza RO hadi ifike lita 1 (gramu 1,000 kwenye mizani ya jikoni). Koroga bila kupasha moto. Maji haya yana meq 30 kwa lita, yaani dKH 84.

Tengeneza maji ya kupimia. Chukua gramu 100 za maji mama, ongeza RO hadi gramu 1,000. Hapa una meq 3 kwa lita, dKH 8.4. Tunapita njia hii ndefu kwa sababu ukitaka kupima gramu 0.25 moja kwa moja, mizani yako itakosea zaidi ya kipimo unachotaka kukikagua.

Unga uwe wa kiambato kimoja tu, sodiamu baikaboneti. Bekingi pauda haifai, ina asidi na wanga ndani yake. Magadi ya mawe ya kulainishia maharage hayafai pia: yana kaboneti, baikaboneti na chumvi vikiwa vimechanganyika, na hakuna anayejua kiasi cha kila kimoja.

Pima maji ya 8.4 mara tatu kwa kipimo chako cha matone au sirinji. Ukipata kati ya 8.1 na 8.7, kipimo ni kizima. Ukipata 8.9 mara zote tatu, usikitupe: gawanya 8.4 kwa 8.9, unapata 0.94. Kila namba ya tangi sasa izidishe kwa 0.94. Namba 8.5 inakuwa 8.0. Andika kizidishi hicho juu ya boksi pamoja na tarehe. Ukipata zaidi ya 9.2 au chini ya 7.6 kitendanishi kimeharibika au kimevukiza, nunua kingine.

Wenye mashine msitumie maji haya ya 8.4. Mashine ya alkaliniti ya maji ya chumvi imetengenezwa kwa maji ya chumvi, na rangi hubadilika chumvi isipokuwepo. Wala msitie chumvi ya mezani kuiga bahari, mara nyingi ina vitu vya kuzuia isigandane ambavyo vyenyewe ni alkali. Fanyeni hivi: pima maji ya tangi, tuseme yamesoma 8.0. Changanya ml 95 za maji hayo na ml 5 za maji mama. Jibu jipya linatakiwa liwe 0.95 mara 8.0, jumlisha 4.2, yaani 11.8. Mashine ikisoma kati ya 11.2 na 12.4, kitendanishi kinaitikia vizuri. Njia hii haikamati kosa ambalo ni lile lile kila mahali, kwa mfano mashine inayosoma 0.4 juu kwenye maji yoyote. Kwa hilo mlinganishe na rafiki mwenye kipimo cha sirinji kilichokwisha kukaguliwa.

Na zile chupa ndogo za kukagulia zinazouzwa pamoja na mashine, zinakagua taa na jicho la mashine tu. Kitendanishi kibovu kitapita ukaguzi huo bila shida.

## Hatua ya 9: Amua kwa tofauti kubwa kuliko kelele

Daftari liwe na safu tano: tarehe na saa, chumvi, namba iliyosomwa, namba baada ya kizidishi, na kundi la chupa ya kitendanishi. Safu ya mwisho inadharauliwa, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini KH "iliruka" siku ulipofungua chupa mpya.

Kujua tangi linakula kiasi gani, simamisha dozi, pima, subiri, pima tena saa ile ile. Tangi changa linalokula 0.2 kwa siku halionekani ndani ya siku moja na kipimo cha hatua 0.3, subiri siku tatu, gawanya kwa tatu. Tangi lililojaa matumbawe magumu linaweza kula zaidi ya digrii 1 kwa siku, hapo saa 24 zinatosha na zisizidi.

Ukihitaji kuongeza, gramu 3 za bekingi soda huinua lita 100 za maji kwa dKH 1. Tangi la lita 200 lililo kwenye 7.5 na unalitaka 8.0: gramu 3 tu, zilizoyeyushwa kwenye RO na kutiwa polepole penye mkondo wa maji. Usivuke dKH 1 kwa siku hata kama namba ni mbaya namna gani. Hesabu lita za maji halisi, ukiondoa mawe na mchanga.

## Namba ikikushtua

Usiguse dozi bado. Fuata mlolongo huu na usimame utakapopata jibu.

Pima sampuli hiyo hiyo tena. Kisha toa friji ile sampuli ya jana, iache ifike joto la chumba, ipime leo. Kama jana ulipata 8.0 na leo maji hayo hayo yanasoma 8.9, tangi halijafanya kitu. Ni wewe au kitendanishi. Maji masafi yaliyofungwa vizuri na kuwekwa baridi hayabadiliki KH ndani ya siku moja au mbili.

Kama sampuli ya jana bado ni 8.0, pima chumvi ya tangi. Chumvi ikiwa sawa, angalia pampu ya dozi na mipira yake, na chombo cha dozi kama kimeisha au kimeganda chini. Hapo ndipo uamini kwamba KH imebadilika kweli.

Vipimo viwili vikigombana, usichukue wastani wa vyote viwili. Vipeleke vyote kwenye maji ya 8.4, kila kimoja kipate kizidishi chake. Mara nyingi vikishazidishwa vinapatana.

Rudia ukaguzi wa hatua ya 8 kila unapofungua chupa mpya, na mara moja kwa mwezi kwa chupa iliyo wazi. Maji mama yakifungwa hukaa wiki kadhaa, ila ni rahisi kuyatengeneza upya kuliko kuyashuku. Vitendanishi vikae kabatini penye giza na ubaridi, vifuniko vimekazwa, na kila kifuniko kwenye chupa yake.